Chungu cha Mama na Sabuni Yangu ya Unga

Jumamosi, 20 Septemba 2003

Vyombo vya asubuhi tayari. Sahani, vikombe vitatu, sufuria ya uji. Kikombe cha Saidi nimekiosha mwisho, kama kawaida. Nakitazama kwanza pale alipoweka midomo. Najua ni ujinga. Huu ni mwezi wa pili tangu tuoane na moyo bado unaruka nikisikia randa yake ikikwangua mbao kule karakanani. Natamani siku isiishe. Natamani iishe upesi ili arudi.

Jambo moja tu linanitia aibu. Jivu. Mimi niliyemaliza kidato cha nne Nachingwea, niliyesoma sayansi kimu, naosha vyombo kwa jivu. Mama mkwe ndivyo anavyotaka. Jivu la magunzi lililochekechwa, na kipande cha dodoki kutoka kwenye uzio. Mikono inakuwa ya kijivu hadi viwiko. Mashoga zangu wakiniona watacheka wiki nzima.

Chini ya kitanda nina ndoo ndogo ya sabuni ya unga niliyotunzwa harusini, na stilwaya, zile nyuzi za chuma za kusugulia masufuria. Sijaifungua ndoo. Nikiinama kufagia naisikia harufu yake. Inanukia nyumbani kwetu.

Jumatatu, 22 Septemba

Saidi amenitengenezea kichanja cha vyombo. Miguu minne ya mninga, juu fito alizozilainisha moja moja kwa msasa ili zisinichome vidole. Hakuna mwanamke katika kijiji kizima cha Malolo mwenye kichanja kama hiki. Nilitaka kulia. Nilikipanga na kukipangua mchana kutwa. Mume wangu. Bado napenda kuandika maneno hayo mawili.

Mama alikizunguka, akakitikisa, akasema kiko imara. Kisha akanionyesha tena utaratibu wake, pengine kwa mara ya kumi. Makombo yanakwanguliwa kwa kuku. Vikombe vinaoshwa kwanza, sahani zinafuata, vya mafuta mwisho. Dodoki linachovya maji kidogo, linachovya jivu, linasugua. Kusuuza ni beseni moja tu, maana kisima kiko bondeni na mwezi huu kinatoa maji ya kuvizia. Maji yaliyosuuzia hayamwagwi. Yanakwenda kwenye mchicha nyuma ya jiko.

Kiswahili chake ni kifupi, kwao ni Kimakua. Akisema neno linabaki. Leo aliona kikombe cha Saidi kimebaki ndani ya beseni la maji yenye mafuta.

"Mume wako anakunywa chai ya mchuzi," akasema.

Nilicheka. Naye akacheka, meno yote nje. Lakini bado nakiosha mwisho. Hilo ni langu.

Alhamisi, 25 Septemba

Mama amepata lori la kwenda Nachingwea, atateremkia huko aende Marambo kwa binti yake kuokota korosho. Atarudi Jumapili. Ameniachia nyumba. Ameniachia kuku, mchicha, na madodoki yanayokaukia kwenye uzio, akasema jirani wakija kuomba niwachumie yaliyokauka tu.

Kwetu huku aghalabu ni mume anayehamia upande wa mke. Sisi tumekwenda kinyume kwa sababu Saidi ni kitinda mimba, karakana yake iko hapa, na mama yake hapa hana mwingine. Kwa hiyo mimi ndiye mgeni jikoni kwake. Nataka akirudi aone kwamba ameachia mtu, si mgeni. Nataka anipende kama ninavyompenda mwanawe. Nimeanza kuota uso wake akiingia.

Ijumaa, 26 Septemba

Siku nzuri kuliko zote. Nimefungua ndoo ya sabuni.

Nilianza na masufuria. Stilwaya na povu. Masizi yakatoka, bati likang'aa, nikajiona ndani yake na kanga yangu. Nachingwea mwali hupimwa kwa masufuria. Mashangazi zangu wangejivuna.

Kisha chungu. Mama ana chungu kimoja kikubwa cha udongo, cheusi nje na ndani, kinalala kifudifudi juu ya jiko. Anapikia mbaazi na ming'oko, vile viazi vya porini. Sijapata kumwona akikiosha sawasawa. Anatia maji ya moto, anazungusha dodoki, basi, hata jivu hatii. Ndani kina utando mweusi unaoteleza. Sayansi kimu inasema utando ni makazi ya vijidudu. Nikasugua. Nilisugua hadi mabega yakauma, na ule utando ukatoka vipande vipande, chini yake udongo mwekundu mzuri kama wa jana. Nikajaza maji ya sabuni hadi mdomoni nikakiacha kilowane kutwa, mpaka kesho, ili vijidudu vife vyote.

Nilikuwa naimba.

Jumamosi, 27 Septemba

Maji ya sabuni nimemwaga kwenye mchicha, kama Mama anavyofanya. Ndoo nzima ya povu.

Chungu kiko juu ya kichanja, peke yake, katikati. Kimekuwa chekundu. Saidi alipokuja kula alisimama akikitazama.

"Mke wangu, umenunua kingine?"

Nikamwambia ni kilekile. Akanishika shavu kwa mkono wenye vumbi la mbao akasema Mama atalia kwa furaha. Niliamini. Naye aliamini. Hili naliandika ili nisije nikajidai kwamba hakuamini.

Jumapili, 28 Septemba

Mama amerudi. Alitua mzigo, akanywa maji, akaona kichanja. Akakiendea chungu. Alitia kidole gumba ndani, akakivuta kwenye udongo, akakinusa.

"Umekiogesha," akasema.

Nilidhani ni shukrani. Nikatabasamu, nikasema ndiyo Mama, kwa sabuni ya harusi yangu. Akanitazama. Akaenda kuchambua mbaazi.

Aliziinjika mchana, katika chungu hichohicho. Nadhani alitaka kuhakikisha. Zilipochemka povu jeupe lilipanda, likamwagika kwenye moto, na jiko zima likanukia nguo zilizofuliwa. Akatoa povu kwa upawa. Likapanda jingine.

Bi Somoe wa nyumba ya pili alikuja na bakuli lake kama kila Jumapili. Ni mwanamke wa maneno. Alionja akatema pembeni, akamgeukia Mama.

"Anifa, hizi mbaazi nikilowekea kanga zitatakata."

Nilicheka. Saidi alicheka. Bi Somoe akaongeza, "Au mwali wa mjini anataka tuwe weupe tumboni?" Tukacheka tena. Ndipo nikaona Mama hacheki. Alikuwa anakula. Alikula sahani yake yote, taratibu, tonge kwa tonge, akaifuta kwa kidole.

Saidi aliacha yake. Mimi nilishindwa kumeza. Yeye alimaliza.

Jumatatu, 29 Septemba

Udongo unakunywa. Sikuwahi kulifikiria hilo. Sufuria haina kiu, chungu kina kiu. Kilikunywa sabuni yangu kutwa kucha, na ule utando niliouita uchafu ndio uliokuwa ukikiziba. Miaka yote ya uji na nazi na mbaazi. Nimeukwangua kwa stilwaya huku nikiimba.

Najichukia leo. Sina neno jingine.

Jumanne, 30 Septemba

Saidi amenisimulia. Tulikuwa karakanani, nimempelekea chai. Hakuniangalia, alikuwa anapiga msasa mguu wa meza.

Chungu kilikuwa cha mama yake Mama. Walitoka nacho Msumbiji wakati wa vita, kwa miguu, wakavuka Ruvuma. Mama alikuwa mtoto. Walikuwa wengi njiani na vumbi lilikuwa jingi, na aliambiwa asitazame watu, atazame chungu kichwani kwa mama yake. Akikiona, hajapotea. Akatembea hivyo mpaka kijiji cha Kiegei. Bibi alifia Kiegei. Chungu kikaja Malolo na Mama alipoolewa.

Kila Ramadhani anapikia humo mbaazi za futari. Jirani wanakuja uani na mabakuli. Saidi anasema hajui futari nyingine.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu angeweza kukiosha kwa sabuni. Ni kama kumwambia mtu asioshe kitabu.

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana iliuma.

Alhamisi, 2 Oktoba

Nakilowesha. Maji safi asubuhi, namwaga, maji safi mchana, namwaga. Namwaga barabarani sasa, maana mchicha umeshaanza kugeuka rangi. Majani ya chini yamekuwa manjano na yamelala. Kila ndoo naifuata bondeni. Wanawake kisimani wanasogea kunipisha, kwa adabu sana. Adabu hiyo siipendi. Mmoja aliniuliza kama nina mgonjwa ndani, maji yote hayo. Nikasema nina chungu. Wakatazamana.

Bado kinanuka. Nikikichemsha povu linapanda, dogo zaidi, lakini linapanda.

Mama anaosha vyombo mwenyewe. Akiniona naja anasema nipumzike. Anasema kwa upole. Anamaliza, anatundika dodoki kwenye msumari wake, anaondoka. Nabaki na kichanja changu kizuri.

Jumapili, 5 Oktoba

Mama atafunga Ramadhani Marambo, kwa binti yake.

Nimeambiwa na Saidi, si na Mama. Ataondoka Ijumaa. Tangu aolewe hajapata kufunga nje ya nyumba hii. Saidi alimsihi. Mama akamwambia hana cha kupikia.

Nimeelewa vizuri. Akiondoka sasa, na madodoki yamekauka tayari kwa mbegu, na mvua ziko njiani, atapanda huko. Mtu akipanda mahali ndipo anapokaa. Hatarudi. Na Malolo yote itasema mwali wa Nachingwea alimwondoa mama wa watu nyumbani mwake mwezi wa pili wa ndoa, na itakuwa kweli.

Saidi hajanikasirikia. Ila leo hakuniambia neno lolote tamu, na nimelisubiri kutwa kama maji ya kisima.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimekwenda kwa Bi Somoe. Nilijikaza moyo kwa masimango, nayo nikayapata. Alinikalisha kwenye kinu kilichopinduliwa.

"Mwali wa sabuni. Umekuja kufua nini kwangu?"

Nilianza kulia, akaacha. Yeye amekulia kwa wafinyanzi. Akasema sabuni haitoki kwa maji, maji yanaizamisha. Itolewe kwa moto. Chungu kilizaliwa motoni, kirudi motoni kidogo, moto utakula sabuni. Kisha kipikiwe uji mzito wa mtama mara kadhaa, kishibe tena.

Lakini kwanza kikauke. Kivulini, si juani, wiki nzima au zaidi, maana kimelowa mpaka kwenye mifupa. Moto ukikuta maji ndani ya udongo, maji yatataka njia ya kutokea. Alinishika mkono aliposema hivyo. Akayarudia mara mbili.

Nimefurahi. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Nikahesabu siku nikiwa njiani kurudi. Wiki nzima itavuka Ijumaa, siku anayoondoka Mama.

Jumanne, 7 Oktoba

Kiko kivulini. Nakigusa kila saa. Nakiweka shavuni. Kina ubaridi.

Jumatano, 8 Oktoba

Bado kina ubaridi, lakini nadhani umepungua. Mama amefunga mzigo wake. Kanga mbili, mkeka wa kuswalia, kisu chake cha kuchambulia. Mzigo mdogo mno kwa mtu aliyekaa mahali tangu aolewe.

Ningeweza kumwomba asubiri. Kumwambia Mama, nipe wiki moja. Nimeyaandaa maneno kichwani. Lakini nataka nimpe chungu, si maneno. Nataka keshokutwa akiamka kiwe pale, hakinuki, na asiwe na sababu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Kimepasuka.

Nilisubiri Mama aende kisimani. Nikawasha magunzi uani, moto wa taratibu, nikakizungushia makaa kwa mbali kama alivyonieleza Bi Somoe. Kikaanza kutoa moshi mwembamba mdomoni, harufu ya sabuni ikatoka nao, na nikafurahi, nikajua inatoka. Nikasogeza makaa. Nikasogeza tena. Sauti haikuwa kubwa. Kama mtu anayevunja muwa kwa goti. Upande wa juu ulitoka mzima, na mdomo, ukalala kwenye jivu. Sehemu ya chini ikabaki imekaa wima kana kwamba haijaambiwa.

Mama alirudi na ndoo kichwani. Alisimama. Hakuishusha ndoo. Alisimama nayo kichwani anatazama, na maji hayakumwagika hata tone. Kisha akapita, akaingia ndani.

Nilitaka anipige. Naandika kweli. Ningeshukuru.

Ijumaa, 10 Oktoba

Ameondoka. Saidi alimbebea mzigo mpaka barabarani. Aliniaga vizuri. "Baki salama, mwanangu." Aliniita mwanangu, na ndipo nikaingia jikoni nikafunga mlango.

Jumanne, 14 Oktoba

Nyumba ni pana.

Asubuhi kuku wanakuja mlangoni kwa jiko kumsubiri. Wananiona mimi, wanaondoka.

Saidi anakula, anashukuru, anarudi karakanani. Jana alinikumbatia ghafla nikiwa nafagia, akaniacha. Anampenda mama yake na ananipenda mimi na hajui aweke wapi mikono. Nilitamani kumwambia nikitunze kichwa chake mapajani kama wiki za kwanza. Najiona sistahili.

Vipande nimeviweka nyuma ya jiko, nimevifunika kwa ungo mbovu. Siwezi kuvitupa. Siwezi kuvitazama.

Jumatano, 15 Oktoba

Ndoo ya sabuni nimempa mke wa mwalimu wa jirani afulie nguo. Stilwaya pia. Alishukuru sana. Nikasema si kitu.

Jumapili, 19 Oktoba

Leo nimeosha vyombo kwa jivu bila kuambiwa na mtu, na nimegundua sikuwahi kuelewa.

Nilikuwa nachota jivu lolote. Leo nilichota la kuni za mkorosho, likanata, likaacha weusi. Nikaanza upya na la magunzi, nikalichekecha katika kichujio cha chai cha Mama kilichozeeka, kile nilichodhani ni takataka. Likatoka laini kama poda. Sufuria ya nyama ilikuwa na mafuta mengi. Jivu liliyanywa, likageuka matope, dodoki likaondoka nayo, na chini bati likabaki kavu, halitelezi. Maji yaliyotumika ni nusu ya yale ya sabuni. Sikuhitaji kusuuza mara tatu kuondoa povu, maana povu halikuwepo.

Maji yalikuwa ya kijivu tu. Nikayamimina kwenye mchicha. Mashina mengi yamekufa. Manane hivi yamechipua upya pembeni.

Alinionyesha haya yote. Nilikuwa nasimama pale, mikono kiunoni, nikimwonea haya. Nilikuwa namtazama mwanamke anayejua kazi yake nikaona mwanamke asiye na sabuni. Hilo ndilo ninalojutia kuliko chungu. Chungu nilikivunja siku moja. Hili nililifanya kila asubuhi.

Jumapili, 26 Oktoba

Mwezi umeandama. Watoto wamekimbia barabara nzima wakipiga makopo. Saidi alisimama mlangoni akitazama upande wa Nachingwea, ingawa mwezi ulikuwa upande mwingine.

Jumatatu, 27 Oktoba

Futari ya kwanza. Nilipika mbaazi katika sufuria, na nazi, kama nilivyomwona akifanya. Sikutegemea mtu.

Baada ya adhana walikuja. Bi Somoe mbele, nyuma yake wanawake wanne, kila mmoja na bakuli lake. Nadhani miguu yao ilikuja yenyewe, kwa mazoea. Walifika uani wakakumbuka, wakasimama. Nami nilisimama na upawa.

"Tia," akasema Bi Somoe. "Tumefunga, hatukuja kutazamana."

Nikatia. Walikula wamekaa kwenye mkeka mkubwa wa Mama. Hawakusema ni tamu, hawakusema si tamu. Mmoja aliuliza Anifa anarudi lini. Bi Somoe akamwambia ale.

Niliwaoshea mabakuli yao kabla hawajaondoka, kwa jivu. Hiyo pia ilikuwa desturi ya Mama, kumrudishia jirani bakuli safi. Bi Somoe alipitisha kidole ndani ya lake. Likalia. Akanitazama, akaondoka bila utani wowote.

Alhamisi, 30 Oktoba

Nimemwambia Saidi aende Marambo amwombe. Akasema tayari ameshatuma salamu kwa dereva wa lori, lakini hakumwomba Mama arudi. Amemwambia tu kwamba madodoki yamekauka yote na yanaanza kudondosha mbegu, na kwamba mke wake hayagusi, anamsubiri mwenyewe aje.

Ni kweli siyagusi. Sikujua kama ameona.

Jumapili, 2 Novemba

Mama amekuja. Na mzigo uleule mdogo. Alisema amefuata mbegu, mvua za kule zimeshanukia. Saidi alifurahi kama mtoto, halafu akasikia neno mbegu, akarudi karakanani.

Nilimpokea mzigo. Sikujua niuweke ndani au niuache barazani. Nikauacha barazani, kwenye kiti.

Alichuma madodoki mchana kutwa. Anayamenya, anayakung'uta juu ya ungo, mbegu nyeusi zinanyesha. Mimi nilikuwa napika futari, simsogelei. Aliinuka mara moja akaenda nyuma ya jiko. Niliona anainama kwenye mchicha, anagusa machipukizi. Akasimama muda mrefu mahali pa kuoshea vyombo. Akachota jivu kwenye kopo langu, akalisugua kati ya vidole.

Kisha nikasikia ungo mbovu ukiondolewa.

Nilibaki na upawa mkononi. Mbaazi zikaanza kushika chini.

Alitoka na ile sehemu ya chini ya chungu, ameipakata tumboni. Akakaa kwenye kigoda chake, akaokota jiwe, akaanza kugonga kingo. Polepole. Kipande kidogo, kipande kidogo, mpaka makali yote yakaisha. Ilimchukua mpaka jua linazama.

Wanawake walipokuja na mabakuli Bi Somoe alimwona, akapaza sauti kutoka uzioni. "Anifa, umetutoroka ukaona huko hawana maneno?"

"Wana maneno," akasema Mama. "Hawana jivu."

Jumatano, 5 Novemba

Joto. Mawingu upande wa kusini, hayajafanya kitu.

Mama bado yupo. Hajasema ataondoka lini na sijamuuliza. Mzigo uliondoka barazani Jumatatu, sikuona nani aliubeba. Mbegu za dodoki amezifunga kwenye kitambaa akazitundika darini juu ya jiko, pamoja na mbegu zetu za mahindi, zipate moshi.

Lile tako la chungu liko chini ya kichanja. Ndimo tunamoweka jivu. Jioni tunaosha pamoja baada ya futari, yeye anasugua, mimi nasuuza. Leo kabla ya kuketi alinisogezea dodoki jipya akachukua beseni la kusuuzia. Tukabadilishana nafasi.

Nimeanza na kikombe cha Saidi.

Nilipotia mkono kuchota jivu vidole vyangu vilifika chini. Mikwaruzo ya stilwaya ipo, naihisi, mistari mingi myembamba inayozunguka. Jivu limeingia ndani yake. Nitaigusa kesho, na kesho kutwa. Mama alikuwa anangoja kikombe, mkono umenyooka. Nikampa.